Ruzuku na Kazi kwa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar: Hofu ya Kukatwa na Ukweli wa Taratibu

UNGUJA – Kila unapofika wakati wa malipo ya ruzuku katika shehia, swali moja huwarudia masheha na maofisa ustawi wa jamii: mtu mwenye ulemavu akipata kazi, fedha anazopewa zitakatwa? Wapo wanaouliza waziwazi. Wapo pia wasiouliza, ambao huamua kubaki nyumbani au kuendesha biashara zao kwa kificho, wakiamini kwamba anayeonekana anafanya kazi hujiondoa mwenyewe katika orodha ya wanaostahiki kusaidiwa.

Hofu hiyo haistahiki kubezwa. Tuchukue mfano wa kijana asiyesikia anayeishi pembezoni mwa mji, ambaye kaya yao inapokea ruzuku, naye akapata nafasi ya miezi mitatu ya kazi za usafi katika hoteli ya Mji Mkongwe wakati wa msimu wa wageni. Mshahara wa miezi mitatu ni fedha nyingi kuliko ruzuku. Lakini msimu huisha, na mvua za masika zikianza hoteli hupunguza wafanyakazi. Ikiwa kazi imeondoka na ruzuku haipo tena, kaya inabaki na nini? Anayekataa kazi kwa hesabu hiyo hawezi kuitwa mvivu. Amepiga hesabu yake vizuri, isipokuwa ameipiga kwa taarifa zisizokamilika.

Taarifa hizo hazikamiliki kwa sababu kubwa moja. Wananchi wengi huzungumzia “fedha za Serikali” kana kwamba zinatoka katika mfuko mmoja wenye sharti moja, ilhali Zanzibar ina taratibu mbalimbali za hifadhi ya jamii, na kila utaratibu humwuliza mwombaji swali lake. Upo unaouliza umri, upo unaouliza hali ya kaya, na upo unaouliza kama mchangiaji bado anaweza kufanya kazi. Kwa hiyo athari ya kazi katika malipo inategemea ni swali lipi aliloulizwa mhusika tangu mwanzo.

Utaratibu ulio mwepesi kueleweka ni Pensheni Jamii. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliuanzisha mwezi Aprili 2016 kwa kumlipa kila mzee mkaazi aliyefikisha umri wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha za Serikali yenyewe, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Pensheni hii haiulizi kama mzee ana duka, ana shamba la mikarafuu, au ana mtoto Muscat anayemtumia matumizi. Wala haiulizi kama ana ulemavu. Bibi wa miaka 72 asiyeona, anayesuka ukili na kuuza mikeka, anapokea kiasi kilekile anachopokea jirani yake asiyefanya lolote, na mikeka yake haimpunguzii hata senti moja. Kwa upande mwingine, mwanawe wa miaka 40 mwenye ulemavu uleule hapati chochote kutoka katika utaratibu huu, kwa kuwa mlango wake hufunguliwa na umri peke yake.

Kwa watu wenye ulemavu walio katika umri wa kufanya kazi, utaratibu unaowafikia zaidi ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, unaotekelezwa Unguja na Pemba kama ilivyo Tanzania Bara, na ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Jambo la kwanza la kuzingatia hapa ni kwamba mlengwa ni kaya. Mtu mmoja mmoja haandikwi peke yake. Kaya hutambuliwa katika shehia kwa kushirikisha wananchi wenyewe, kisha hali yake hupimwa kwa alama zinazoonekana: nyumba imejengwa kwa nini, kuna mali gani, wategemezi ni wangapi, watoto wanasoma au hawasomi. Hakuna anayedai stakabadhi ya mshahara, na hakuna anayehesabu maandazi yaliyouzwa asubuhi. Kwa sababu hiyo, dhana kwamba ruzuku hukatwa siku ileile mtu mwenye ulemavu anapoweka meza ya biashara barazani haina msingi.

Zaidi ya hayo, mpango wenyewe unataka watu wafanye kazi. Kaya zenye nguvu kazi hushiriki katika ajira za muda kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, katika miradi kama barabara za ndani, visima na upandaji wa mikoko, nazo hulipwa kwa siku walizofanya. Vikundi vya kuweka na kukopa huhimizwa, na mafunzo ya kuanzisha shughuli za uzalishaji hutolewa. Kaya zisizo na mtu anayeweza kufanya kazi hupewa ruzuku ya moja kwa moja bila ya sharti hilo.

Ni katika mgawanyo huu wa kaya “zenye nguvu kazi” na “zisizo na nguvu kazi” ndipo suala la ulemavu linapohitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Kumsamehe mtu kazi ya kubeba mawe kwa sababu ya ulemavu wake ni uungwana. Kumwandika kwamba hawezi kazi kwa sababu hawezi kubeba mawe ni jambo jengine kabisa. Kijana asiyesikia anaweza kuchimba mtaro sawasawa na mwenziwe, mradi kiongozi wa kundi ajue kumwelekeza kwa ishara. Mwanamke mwenye ulemavu wa mguu anaweza kushika daftari la mahudhurio au kuwaangalia watoto wa wenziwe wakati kazi inaendelea. Huruma ikitangulia kabla ya kuuliza, watu hawa huwekwa upande wa wasioweza, na baada ya miaka michache wao wenyewe huanza kuamini hivyo. Hofu ya kukatwa ruzuku huanzia hapo: aliyeandikwa kwamba hawezi huona kwamba kuonekana anaweza ni sawa na kukiri kosa.

Kinachoweza kubadilisha nafasi ya kaya ni tathmini. Hali ya kaya hupitiwa upya, na zile zinazoonekana kuimarika kiuchumi huhitimu na kutoka katika mpango. Kuhitimu ndilo lengo, na kaya nyingi zimehitimu kwa fahari. Hata hivyo, tathmini inayotazama paa, simu na idadi ya kuku inaona kilichoingia tu. Kilichotoka hakionekani kwa urahisi, na katika kaya yenye mtu mwenye ulemavu kinachotoka ni kingi.

Anayetaka kuelewa hayo na atembee kutoka Darajani hadi Shangani akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, au aambatane na anayekitumia. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ulijengwa kwa watu wanaotembea kwa miguu. Vichochoro vyake ni vyembamba, mawe yamepanda na kushuka, milango mikubwa ya kuchongwa ina vizingiti virefu, na ofisi nyingi ziko ghorofa za juu ambako hupandwa kwa ngazi. Baraza za nje zinazowakutanisha watu jioni kwa kahawa ndizo zinazoibana njia. Uhifadhi unazuia kubomoa, na kwa haki kabisa, lakini mfanyakazi anayetumia kiti cha magurudumu anapaswa kufika kazini saa mbili asubuhi kama wenziwe. Daladala haichukui kiti chake kwa urahisi. Atalazimika kukodi gari au kumlipa mtu wa kumsukuma, kila siku, kwenda na kurudi.

Gharama za namna hiyo zina sura nyingi. Mtu asiyesikia anahitaji mkalimani wa lugha ya alama anapokwenda kwenye usaili, hospitali au mahakamani. Asiyeona anahitaji msaidizi au, kwa kazi za ofisini, kompyuta yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Mwenye ualbino anayelima mwani katika fukwe za Paje au Jambiani, ambako kazi hufanywa maji yakiwa yametoka na jua limewaka, anahitaji mafuta ya kukinga ngozi, kofia pana na miwani. Kwake mafuta hayo ni sehemu ya zana za kazi, kama ilivyo kamba ya mwani. Mama mwenye mtoto mwenye ulemavu wa akili hulazimika kumlipa mtu wa kukaa naye, au kuacha kazi yeye mwenyewe. Gharama ya mwisho ndiyo isiyoonekana kabisa, kwa sababu hakuna fedha iliyotoka mfukoni: kuna mshahara ambao haukupatikana.

Hivyo basi, watu wawili wanaopokea mshahara unaolingana hawaishi maisha yanayolingana. Kima cha chini cha mshahara serikalini Zanzibar kilipandishwa mwaka 2022 hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa kiwango hicho anayelipia usafiri maalum na msaidizi anaweza kufika mwisho wa mwezi akiwa na fedha chache kuliko mwenziwe ambaye hana mahitaji hayo. Kumwona ameajiriwa na kuhitimisha kwamba mahitaji ya ulemavu wake yamekwisha ni kuchanganya mambo mawili.

Mchanganyiko huo umo ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili hutumia neno “ulemavu” kwa maana mbili ambazo taratibu zetu za hifadhi ya jamii huzihitaji mbalimbali. Katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ulemavu unatokana na kukutana kwa upungufu wa mwili, hisi au akili na vikwazo vya jamii. Kwa maana hiyo mtu anaweza kuwa na ulemavu na akawa hakimu, mwalimu, fundi au waziri. Katika mifuko ya bima ya jamii, ulemavu ni kupoteza uwezo wa kujipatia kipato. Kwa maana hii ya pili, anayefanya kazi yake kama kawaida hana ulemavu unaostahiki mafao, hata kama hana mguu.

Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, hulipa mafao ya ulemavu kwa maana ya pili. Anayestahiki ni mwanachama aliyechangia ambaye afya yake imemfanya ashindwe kuendelea na kazi, na uthibitisho wake hutokana na madaktari. Hapa ndipo kurudi kazini kunapogusa msingi wa malipo yenyewe, kwa kuwa malipo yalitolewa kwa sababu kazi imeshindikana. Mwanachama wa namna hii hapaswi kulinganisha hali yake na ya jirani anayepokea ruzuku ya kaya au Pensheni Jamii. Busara ni kufika katika ofisi ya Mfuko kabla ya kusaini mkataba mpya, kueleza aina ya kazi na muda wake, na kupata jibu kwa maandishi. Kunyamaza kisha kugundulika ndiko kunakozaa madeni na fedheha.

Zipo nchi zilizolishughulikia jambo hili kwa kuzitenganisha maana hizo mbili katika malipo. Uingereza, ambako Wazanzibari wengi wanaishi, ina malipo yaliyoanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya kufidia gharama za ziada za ulemavu. Malipo hayo hayatazami mshahara, na mtu huyapata akiwa kazini au akiwa nyumbani. Msaada kwa asiyeweza kufanya kazi ni fungu jengine lenye masharti yake. Marekani imechukua njia tofauti. Mtu anayelipwa mafao ya ulemavu kutokana na michango yake hupewa miezi tisa ya kujaribu kazi bila ya kupoteza malipo hata akipata mshahara mzuri. Katika msaada unaotolewa kwa wenye kipato kidogo, dola 65 za mwanzo za mshahara wa mwezi hazihesabiwi, na kinachozidi hapo huhesabiwa nusu tu. Taratibu hizo zina ugumu wake na makaratasi yake, na wapo wanaozilalamikia huko huko. Fikra iliyomo ndiyo yenye faida kwetu: asiadhibiwe mtu kwa kujaribu.

Karibu zaidi na nyumbani, Kenya hulipa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji uangalizi wa kudumu. Wakati huohuo imewasamehe wafanyakazi wenye ulemavu waliosajiliwa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za mwanzo za mshahara wa mwezi. Mkono mmoja unamfikia asiyeweza kufanya kazi, mwengine unamfikia anayefanya, na hakuna anayelazimika kujifanya mgonjwa zaidi kuliko alivyo.

Kwa Tanzania, msingi wa kufikiri hivyo upo siku nyingi. Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imetaja pamoja haki ya kufanya kazi, haki ya kujipatia elimu na haki ya kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Haikusema kwamba moja ikija nyengine iondoke. Ni kweli kuwa ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo ya msingi, ambayo mwananchi hawezi kuifungulia kesi mahakamani, lakini malengo hayo ndiyo mwongozo wa anayetunga sera. Mkataba wa Umoja wa Mataifa nao umeweka kazi katika ibara ya 27 na hifadhi ya jamii katika ibara ya 28, bega kwa bega. Zanzibar ina Sera ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 2014 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu (Haki na Fursa) Namba 8 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2006, pamoja na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lililo chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais.

Kwa misingi hiyo, hatua inayofuata haihitaji kusubiri fedha nyingi. Hatua kubwa ni ya maswali. Dodoso la tathmini ya kaya likiuliza gharama za usafiri maalum, msaidizi na vifaa, sawa na linavyouliza aina ya paa, kaya itapimwa kwa kinachobaki mkononi badala ya kinachopita tu. Kaya iliyohitimu kwa sababu mtu wake mwenye ulemavu alipata kazi ya msimu ikihakikishiwa njia fupi ya kurejea kazi ikikatika, kijana wetu wa Mji Mkongwe hatokuwa na sababu ya kuikataa ile miezi mitatu. Pensheni Jamii imeshaonyesha kwamba Zanzibar inaweza kulipa bila ya kumchunguza mtu mfukoni, na ilifanya hivyo ilipoanza na shilingi 20,000 tu.

Kwa sasa, mwananchi mwenye ulemavu anayefikiria kuanza kazi au biashara aanze kwa kujua jina la utaratibu unaomlipa. Mzee wa Pensheni Jamii aendelee na shughuli zake bila wasiwasi. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF isifiche biashara yake. Siku ya tathmini iseme yote mawili, kinachoingia na kinachotumika kwa sababu ya ulemavu, na kama kuna mtu wao ameandikwa “hawezi kazi” ilhali anaweza kazi fulani, jambo hilo lielezwe mbele ya kamati ya shehia. Mchangiaji wa ZSSF anayepokea mafao ya ulemavu aende ofisini kwanza. Jumuiya za watu wenye ulemavu, zikiwemo UWZ, ZANAB kwa wasioona, CHAVIZA kwa viziwi na JUWAUZA kwa wanawake, ni mahali pa kupata mtu wa kufuatana naye, hasa kwa anayehitaji mkalimani au msomaji wa fomu. Atakayepewa jibu la mdomo katika ofisi yoyote aombe liandikwe, litiwe tarehe na saini, na alihifadhi pamoja na kitambulisho chake.